Kuipiga Picha Hewa Inayokimbia

Mazungumzo ya leo yana tabu moja: yanahusu picha, na redio haina macho. Kwa hiyo nitaanza kwa kuisimulia picha moja polepole, nanyi muichore vichwani mwenu.

Ni picha isiyo na rangi, ya mwaka 1888, iliyopigwa Prague na Ernst Mach, profesa wa fizikia katika chuo kikuu cha mji huo. Risasi iko hewani. Mbele ya ncha yake kuna mstari mweusi uliojikunja. Mstari huo uko karibu sana na ncha lakini hauigusi, na pande zake mbili zinaelekea nyuma, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na unanyooka kadiri unavyoachana na risasi. Kwenye kitako inaanza mistari mingine miwili, nayo imelala vivyo hivyo. Katikati ya hiyo ya nyuma pana vurugu tupu, hewa iliyokorogwa. Na kuna nyaya mbili zilizosimama wima, utadhani mpiga picha alisahau kuziondoa. Hakusahau, na nitawaeleza kwa nini.

Mistari ile yote ni hewa. Hapakuwa na moshi uliopulizwa wala unga ulionyunyizwa. Ni hewa ya chumbani, ileile tunayovuta, iliyobanwa ghafla kwa kuwa haikupewa muda wa kusogea pembeni.

Mach hakuanza na udadisi wa hewa. Alianza na majeraha ya vita. Ufaransa na Prussia zilipopigana mwaka 1870 na 1871, madaktari walikutana na majeraha mapana mno kuliko risasi zilizoyasababisha. Kila upande ukaushutumu mwingine kwamba unatumia risasi za kulipuka, na hilo lilikuwa kosa zito, kwani Azimio la St. Petersburg la mwaka 1868 lilikuwa limeziharamisha zile za uzito wa chini ya gramu 400. Mbelgiji mmoja, Louis Melsens, akaja na maelezo tofauti. Alisema risasi yenye kasi kubwa husukuma mbele yake donge la hewa iliyobanwa, na donge hilo ndilo linaloingia mwilini na kupasua nyama. Mach alimsikia Melsens akilieleza hilo Paris mwaka 1881. Akarudi Prague na swali la mtu wa maabara: kama donge lipo, litaonekanaje?

Kusema kweli, kila mmoja wetu ameshaiona hewa. Simama kando ya barabara ya lami jua la saa saba utazame mbali. Magari yanacheza, ukingo wa barabara unatetemeka, na mara nyingine unaona maji yasiyokuwepo, mazigazi. Hewa iliyogusana na lami imepata moto ikawa nyepesi, iliyo juu yake bado ni nzito, na mwanga unapovuka kutoka moja kwenda nyingine hupinda. Hupinda kidogo sana. Katika hewa ya kawaida mwanga huenda polepole kuliko mahali pasipo na hewa kabisa kwa sehemu 3 tu kati ya 10,000. Ukiibana hewa, upungufu huo wa kasi unaongezeka kwa kadiri ileile uliyoibana, ikitanuka, unapungua. Fani nzima ninayoizungumzia leo, kuanzia risasi ya Mach mpaka ndege za kijeshi za siku hizi, imejengwa juu ya sehemu hizo 3 kati ya 10,000.

Mtu aliyetengeneza chombo cha kuzisoma ni Mjerumani August Toepler, aliyechapisha kazi yake mjini Bonn mwaka 1864. Hakuwa wa kwanza kabisa. Mwingereza Robert Hooke alikwisha kulichezea jambo hili karne mbili kabla yake, kwa lenzi na mishumaa. Mfaransa Léon Foucault naye alitumia ukingo wa kisu kukagua vioo vya darubini. Lakini Toepler ndiye aliyeona kwamba kinachomsumbua mkaguzi wa kioo, yaani hewa inayotetemeka mbele yake, kinaweza kuwa ndicho kitu chenyewe cha kutazamwa. Njia yake inaitwa shilireni, na inafaa tuikaribie kidogo.

Chukua kioo cha darubini, kile kilichobonyea katikati. Mbele yake, kwa umbali wa mita kadhaa, weka taa iliyozibwa ikabaki na tundu la sindano tu. Ukiipima vizuri, mwanga utatoka tunduni, utapiga kioo, utarudi na kukusanyika tena kwenye nukta moja kando ya tundu lenyewe. Weka jicho nyuma ya nukta hiyo, na kioo kizima kitang'aa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Sasa leta wembe. Usogeze taratibu mpaka ukingo wake uifunike nusu ya nukta. Kioo hakizibwi upande mmoja kama mtu angetarajia. Kinafifia chote kwa pamoja na kubaki kijivu. Hapo ndipo uwashe mshumaa mbele yake.

Kinachotokea hapo humwacha mtu kinywa wazi. Juu ya mwali unainuka mkondo mrefu ambao jicho tupu haliuoni, ulionyooka mwanzoni, kisha unaanza kujikunja na kuvunjikavunjika. Upande mmoja wake ni mweusi, upande wa pili ni mweupe. Mwale uliopindwa na joto kuelekea wembe umezuiwa, na mahali ulipotoka pameingia giza. Uliopindwa upande wa pili umepita wote, na mahali pake pameng'aa. Zima mshumaa, nyosha mkono: joto la vidole linapanda kama uzi. Nukta ikiwa mita 2 kutoka kwenye kioo, mwale ulioyumba kwa sehemu ya 3,600 ya digrii moja unafika umehama kwa mia moja ya milimita. Jicho haliwezi kuona kitu hicho. Wembe unakiona.

Ninachokipenda hapa ni kwamba, ili aone zaidi, Toepler alitupa nusu ya mwanga wake.

Lakini hewa ya mshumaa inapanda kwa utaratibu, risasi haina utaratibu huo. Tupige hesabu kidogo. Risasi inayokwenda mita 500 kwa sekunde, ukiipiga picha kwa kamera inayofungua na kufunga kwa elfu moja ya sekunde, itakuwa imesogea nusu mita wakati kamera iko wazi. Utapata ukungu. Ili isogee nusu milimita tu, unahitaji milioni moja ya sekunde, na katika karne ya 19 hapakuwa na kifuniko cha kamera cha kufanya kazi hiyo. Mach akaugeuza mpango. Kamera ikaachwa wazi ndani ya chumba chenye giza totoro, na kilichofupishwa kikawa mwanga wenyewe: cheche moja ya umeme uliohifadhiwa, inayowaka na kuzimika kabla risasi haijasogea pa kuonekana.

Na nani atawasha cheche hiyo risasi ikiwa mbele ya lenzi kamili, si kabla wala baada? Hakuna mkono wa binadamu utakaoweza. Ndiyo kazi ya zile nyaya mbili. Risasi inapozigusa inaukamilishia umeme njia yake, cheche inapiga, na risasi inakuwa imejipiga picha yenyewe. Wangeweza kuzifuta nyaya kwenye picha kwa ajili ya uzuri. Waliziacha, na mimi nafurahi waliziacha, maana bila hizo ungebaki unajiuliza walifanyaje.

Majaribio ya kwanza ya Prague hayakuonyesha mstari wowote. Bastola iliyotumika ilikuwa inarusha risasi polepole kuliko sauti, na kitu kinachokwenda nyuma ya sauti hakijengi wimbi la mshtuko, yaani mstari ule wa hewa iliyobanwa ghafla, kwa sababu habari ya ujio wake inatangulia na hewa inakipisha. Mwaka 1886 Mach akamwandikia Peter Salcher, mwalimu katika chuo cha wanamaji wa Austria na Hungaria huko Fiume, mji ambao leo unaitwa Rijeka na uko Kroatia. Salcher alikuwa na kitu ambacho profesa wa Prague hakuwa nacho: bunduki za jeshi. Akishirikiana na Sándor Riegler, alifyatua, akasafisha sahani za picha, na mistari ikaonekana. Matokeo yakachapishwa Vienna mwaka 1887.

Donge la Melsens halikuwamo. Walichokiona ni wimbi: hewa mpya inabanwa kila mahali risasi inapofika, kisha inaachwa pale pale, nyingine inabanwa. Hakuna mzigo wa hewa unaobebwa kuingizwa mwilini. Majeraha mapana, kama yanavyoelezwa siku hizi, yanatokana na nyama kusukumwa pembeni kwa nguvu risasi inapopita. Kwa hiyo swali la vita likapata jibu la kukanusha, na jibu hilo likafungua somo ambalo hakuna aliyekuwa ameliomba.

Niseme na hili kabla sijasahau. Mwaka 1929 Mswisi Jakob Ackeret alipendekeza kasi ya kitu ikigawanywa kwa kasi ya sauti iitwe namba ya Mach, na jina hilo sasa liko kwenye vidirisha vya vipimo katika vyumba vya marubani dunia nzima. Salcher hana namba. Yeye aliendelea na kazi palepale Fiume, ambako kulikuwa na kiwanda cha Whitehead cha torpedo kinachobana hewa kwa mashinikizo makubwa. Akaipiga picha hewa hiyo ikifyatuka kutoka kwenye tundu, na mwaka 1889 yeye na John Whitehead wakachapisha walichokiona. Miali inayotoka kwenye injini za roketi, yenye yale mafundo yanayong'aa yaliyopangana, ni ndugu wa picha zile za kiwandani.

Haya, mpaka hapa tumeona. Je, tumepima? Watu wengi huachia hapo kwenye kuona, na hapo ndipo nina neno.

Picha ya risasi ina kipimo kimoja cha bure ndani yake. Pembe ya mstari wa wimbi, ukiipima kutoka kwenye njia ya risasi, inakupa kasi moja kwa moja. Kitu kikienda mara mbili ya sauti, pembe ni digrii 30. Ukikuta digrii 45, basi kinakwenda mara 1.41 ya sauti, na kwa kuwa sauti katika hewa ya digrii 15 za joto husafiri mita 340 kwa sekunde, kitu hicho kinakwenda karibu mita 480. Kinachohitajika ni rula na kipimapembe cha mtoto wa shule. Ila kuna mtego: pima mbali na risasi. Karibu na ncha wimbi lina nguvu nyingi na limesimama wima zaidi kuliko inavyopaswa, na atakayeweka kipimapembe pale atadanganyika kwenye kasi.

Na si mtego pekee. Wembe ukiwa umesimama wima, unaona tu miale iliyopinda kushoto na kulia. Tabaka la hewa lililolala juu ya bamba, linalopindisha mwanga kwenda juu na chini, halitaonekana kabisa, hata kama ndilo unalolitafuta. Ulaze wembe, nalo linajitokeza, na vingine vilivyokuwa wazi vinapotea. Mtu akikuonyesha picha moja ya shilireni na kusema hapa hapana kitu, muulize wembe ulikaaje.

Kisha unene. Wimbi la mshtuko katika hewa ya kawaida ni jembamba kuliko elfu moja ya milimita. Ndani ya wembamba huo, hewa inayokwenda mara mbili ya sauti inapigwa breki, shinikizo linapanda mara 4.5 na msongamano wake mara 2.67. Kwenye picha mstari ni mnene zaidi kwa mbali sana, kwa sababu mwanga umetawanyika, lenzi ina mipaka yake, na mwale umekatiza hewa yote iliyo kati ya taa na kamera na kuijumlisha pamoja. Hewa iliyogandamana na madirisha ya handaki la upepo, lile bomba la kujaribia mkondo wa hewa, imo ndani ya hesabu hiyo. Tumbo la wimbi lililo la mviringo limebanwa likawa mstari.

Halafu zile picha za rangi. Mnazijua, zinatumwatumwa sana kwenye simu: mwanamume anakohoa, au risasi inatoka mtutuni, na hewa imejaa nyekundu, kijani na buluu. Wengi huziita picha za joto. Mara nyingi sivyo. Mpiga picha ameondoa wembe na kuweka mahali pake kipande kidogo chenye rangi tofauti, na rangi unayoiona inakwambia mwale ulipinda kwenda upande gani. Nyekundu haimaanishi moto.

Anayetaka tarakimu hasa huenda kwa mtoto wa Mach, Ludwig. Yeye na Mswisi Ludwig Zehnder, kila mmoja kwa njia yake, mwaka 1891 na 1892 walibuni chombo kinachogawa mwale mmoja kuwa miwili: nusu inapita kwenye hewa tulivu, nusu kwenye hewa inayochunguzwa, kisha zinakutana. Zikichelewana, hutokea milia, na kuhama kwa mlia mmoja ni mwanga uliochelewa kwa urefu wa wimbi lake moja. Katika njia ya sentimita 10, kuhama huko kwa mlia mmoja ni badiliko la karibu asilimia 2 la msongamano wa hewa. Hiki ni chombo cha hesabu. Ni chombo pia cha maumivu ya kichwa, maana mtetemo wa sakafu unaweza kuihamisha milia yote, na fundi akipita mlangoni unaanza upya.

Kwa kasi yenyewe ya hewa, mafundi wa leo hurudi kwenye kitu ambacho picha ile ya risasi haikukihitaji: vumbi. Wanatia chembe ndogo mno ndani ya mkondo, wanaziangaza kwa bapa jembamba la leza mara mbili, na kompyuta inatafuta kila kundi la chembe limesogea kiasi gani. Katika hewa ya mita 600 kwa sekunde, mimuliko miwili ikiachana kwa milioni moja ya sekunde, chembe imesogea milimita 0.6. Tatizo liko palepale kwenye wimbi la mshtuko. Hewa inapunguza mwendo ghafla, chembe ina uzito wake na inapitiliza kidogo kabla ya kutii. Kwa hiyo mahali ambapo kipimo kinatakiwa kuliko pengine popote ndipo kinapokosa ukweli, na mhandisi mwaminifu huandika jambo hilo chini ya mchoro wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wembe ukaanza kuondoka. Wataalamu wa Ujerumani na Uingereza waliona kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi yake. Piga picha ya ukuta wenye madoa. Kisha piga tena hewa inayochunguzwa ikiwa kati yako na ukuta. Kila doa litaonekana limehama kidogo, na ramani ya mihamo hiyo ndiyo ramani ya hewa. Hakuna kioo cha darubini, na hakuna kikomo cha ukubwa. Kioo cha mita moja ni ghali na kizito, lakini ukuta wa madoa unaweza kuwa mkubwa kama jangwa.

Na ukawa jangwa kweli. Mwaka 2019 shirika la NASA la Marekani lilitoa picha za ndege mbili za T-38 zikiruka kwa kasi inayozidi sauti juu ya jangwa la Mojave, California, zikiwa zimeachana kwa futi 30 hivi. Kamera ilikuwa ndani ya ndege nyingine, juu yao kwa futi 2,000, ikipiga picha 1,400 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 3, na vichaka vya jangwani ndivyo vilivyokuwa madoa ya ukutani. Mawimbi ya ndege ya mbele yanakutana na ya ndege ya nyuma na kupindana. Kwa hewa wazi, angani, hilo halikuwa limeonekana hivyo kabla. Wengine wameutumia uso wa jua kuwa ukuta, ndege ikipita mbele yake kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Gharama ya kurusha ndege tatu kwa ajili ya picha ina sababu. Mwaka 1973 Marekani ilizipiga marufuku ndege za kiraia kupita juu ya nchi kavu kwa kasi inayozidi sauti, kwa ajili ya mshindo unaotikisa madirisha. Mshindo huo huzaliwa mawimbi ya pua, ya chumba cha rubani, ya mabawa na ya mkia yanapoungana njiani kabla ya kufika ardhini. Ndege ya majaribio ya X-59 imechorwa ndefu na nyembamba ili yasiungane. Kompyuta inasema hayataungana, lakini mtu mwenye akili hajengi sheria ya nchi juu ya maneno ya kompyuta peke yake, anataka kuyaona mawimbi yenyewe yamekaa wapi.

Msikilizaji asiye na kioo wala jangwa ana nafasi moja. Ndege kubwa ya abiria husafiri chini ya kasi ya sauti, kwenye 0.8 hivi ya namba ya Mach, lakini hewa inayopanda juu ya bawa huongezewa mwendo mpaka ikaizidi sauti kwa muda, kisha inarudi chini yake kupitia wimbi la mshtuko lililosimama juu ya bawa. Kaa dirishani, usawa wa bawa, ndege ikiwa imeshafika kimo chake na jua likilimulika bawa kwa mlalo kutoka upande wa ncha au wa mwili wa ndege. Tazama kwenye bati, mbele kidogo ya yale mabamba yanayoinuka wakati wa kutua. Jua likikaa vizuri utaona mstari mwembamba wa kivuli, wenye ukingo wa mwanga, umelala kufuata urefu wa bawa. Hautulii. Unasogea mbele na nyuma kwa vidole viwili vitatu kila hewa inapobadilika, na ndege ikianza kupunguza mwendo kwa ajili ya kushuka, unafifia na kutoweka.